Benchi la Mlangoni

Siku ya kwanza nilipofika kwa yule bibi niliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, kama anavyoketi mtu yeyote aliyekuja kufanya kazi na bado hajajua tabia za mwenye nyumba. Akaniambia nihame.

"Miye niko sawa hapa, mama," nikamjibu.

"Katika nyumba hii hakuna anayekaa mlangoni," akasema, kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka mwili mdogo namna ile. "Sogea kwenye moto."

Moto wenyewe ulikuwa hita ya gesi yenye gurudumu bovu. Nikasogea, huku nikijisemea moyoni kwamba leo nimepata mwendawazimu, lakini afadhali mwendawazimu anayekuita karibu kuliko mwenye akili zake anayekutengea kikombe chako jikoni. Hao wa kikombe nilikuwa nimeshawafanyia kazi, hapa hapa Johannesburg, na sina hamu nao.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ireland, kijijini kabisa, upande wa magharibi ambako, kwa maneno yake, mvua hainyeshi bali inaishi. Alikuja Afrika akiwa mtawa. Akafundisha Tanzania miaka mingi, kule nyanda za juu kwenye baridi, kisha akaacha utawa, akaolewa na fundi wa mitambo ya migodi, wakahamia huku. Hawakuzaa. Mume alipokufa alibaki peke yake katika nyumba ya mitaa ya kusini, mwendo wa kutembea kutoka La Rochelle ninakopanga chumba na binti yangu. Dada mmoja wa kanisani kwetu alikuwa akimfulia nguo, na ndiye aliyeniletea habari kwamba kuna bibi mzungu anatafuta mtu wa kumtunza na sharti lake ni moja tu, ajue Kiswahili. Nilidhani ananitania. Katika mji huu Kiswahili kilikuwa kimenipa marafiki na wateja wa kusuka nywele. Kazi kilikuwa hakijanipa bado.

Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, cha darasani, kimenyooka. Changu cha ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kilimkera. Nikisema "batoto" alikuwa ananitazama juu ya miwani mpaka nijisahihishe. Siku moja nikachoka, nikamwambia kwamba kwetu wote tunasema hivyo na ziwa halijakauka. Alicheka hadi akashikwa na kikohozi. Tangu hapo tukawa watu. Mimi nilimwita mama mwalimu, naye aliniita mwanangu, au akikasirika, wewe mama wa Kongo.

Tulipatana zaidi kwa sababu ya walimu. Watu wa kwetu, tukikutana La Rochelle baada ya ibada au kwenye msiba, haichukui muda kabla mtu hajamkumbuka mwalimu wetu wa zamani kule ziwani. Huyo mtu amekuwa mkubwa kuliko alivyokuwa. Wanasema aliandika ubaoni kwa mikono yote miwili, mkono mmoja hesabu na mwingine sala. Wanasema chaki ilikuwa ikikatika mkononi mwake mwanafunzi akidanganya. Wanaume wenye mvi, walinzi wa maduka, mafundi cherehani, wanainua suruali waonyeshe makovu ya fimbo zake na wanacheka kana kwamba ni medali. Mimi hainichekeshi. Nakumbuka tulivyombebea kuni na maji asubuhi kabla ya somo, na nakumbuka asiyebeba alivyofanywa. Lakini ukilisema hilo msibani watu wanakutazama kama umemwaga chai.

Nilipomweleza mama mwalimu habari hizi, alijipiga gotini kwa kiganja.

"Kuni," akasema. "Sisi tulipeleka udongo."

Ilibidi anieleze. Kwao miti ilikuwa michache, watu wakichoma udongo mweusi wa kwenye kinamasi. Unakatwa vipande mfano wa matofali, unaanikwa kiangazi kizima, unawaka polepole na kutoa moshi mtamu. Kila mtoto aliyekwenda shule wakati wa baridi alibeba tofali lake kwapani, na moto wa darasa ulikuwa huo. Mwalimu wa shule hiyo, chumba kimoja cha mawe, alikuwa baba yake mzazi.

Nikamwambia kwamba hata leo hapa mjini mambo ni yale yale, ila udongo umebadilika. Shule ya binti yangu inataka kila mzazi alete pakiti ya karatasi za kuchapia na karatasi za chooni.

"Na asiyeleta?" akauliza.

Sikujua. Jioni nikamwuliza binti yangu. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini hukisikii kinywani mwake. Ananijibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Alinyanyua mabega, akasema kwa Kiingereza kwamba hawafanywi kitu. Nikampelekea mama mwalimu jibu hilo kesho yake. Niliona halikumtosha.

Baridi ilipoanza, mtoto wa kaka yake akaanza kupiga simu za video kutoka huko kwao. Alikuwa mzee mwenyewe, mashavu mekundu, mpole. Kijiji chao kilikuwa kinakusanya hadithi za zamani, za shule na za watu mashuhuri wa pale, na juu ya hayo walikuwa wamechonga jiwe la kumbukumbu la baba yake mama mwalimu, ambaye kwa huyo bwana alikuwa babu. Jiwe litasimikwa kwenye magofu ya ile shule. Mama mwalimu ndiye pekee aliye hai kati ya waliokaa katika darasa lile, na safari hakuiweza tena. Kwa hiyo walitaka sauti yake. Aseme maneno machache juu ya baba yake, yachezwe siku ile mbele ya watu.

Mimi ndiye niliyeshika simu, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikawa nasikia yote. Mwanzoni alifurahi. Alimsimulia habari za mganga wa kuunga mifupa aliyevunja mguu wake mwenyewe na kuuunga vibaya, na za mwanamke aliyeswaga mabata bukini kwa miguu hadi bandarini, akiwa amewapaka lami nyayo zao ili wasichubuke njiani. Huyo wa bata nilimpenda. Kisha bwana akaanza za babu yake, na hapo akawa anasimulia yeye, maana alizijua zote kwa moyo. Kwamba mwalimu alipita mbele ya kanisa linalojengwa, akalitupia jicho, akawaambia waashi mawe watakayopungukiwa, na wakapungukiwa hayo hayo. Kwamba dume la ng'ombe lilivamia uwanja wa shule, akalisemesha kwa Kilatini, likapiga magoti. Kwamba askofu alikosea neno katika misa, mwalimu akakohoa, askofu akarudia.

"Kweli alikuwa akikohoa," mama mwalimu akaniambia baadaye. "Kwa kila mtu."

Siku iliyofuata bwana akasema, "Na ile ya yule msichana aliyechukuliwa, shangazi. Wewe bila shaka ulimwona."

Akaisimulia, kwa ajili yangu naona, maana alinitupia macho kwenye kioo. Palikuwa na kilima kidogo karibu na shule, na juu yake mti wa miiba, na ndani yake waliishi watu wadogo, aina ya majini, ambao kila mtu aliwaogopa. Mwalimu aliwakanya watoto wasikaribie. Msichana mmoja, binti wa mjane, hakusikia. Alilala chini ya mti ule. Watu wa kilima wakamchukua yeye halisi, wakamrudisha mwingine mwenye sura yake, mweupe, asiyekula, na huyo mwingine akasinyaa hadi akafa kabla majani hayajachipua. Mwalimu, kwa huruma yake, ndiye aliyetoa mbao za jeneza. Bwana alisema wageni wanaotembelea kijiji huipenda hiyo kuliko zote.

Mama mwalimu akaniambia, "Zima hiyo simu." Nikazima, katikati ya tabasamu la mtu.

Nilichemsha chai kwenye jiko la gesi. Umeme ulikuwa umekatwa siku hiyo, tukawa tunaonana kwa mwanga wa hita na wa dirisha. Kisha akazungumza, bila kunitazama, na ndipo nilipojua kwa nini katika nyumba ile hakuna anayekaa mlangoni.

Mjane yule hakuwa na haki ya kinamasi. Familia nyingine zilikuwa na kipande chao cha kukata udongo, yeye hakuwa nacho, aliishi kando ya barabara tu. Binti yake alikuwa akiokota makombo yaliyodondoka kutoka mikokoteni ya punda, akayaleta shuleni ndani ya aproni yake. Mwalimu alisimama mlangoni kila asubuhi akipokea. Alitazama makombo yale, akasema sheria ni tofali zima. Wenye tofali zima wakakaa karibu na moto. Asiyenalo akakaa kwenye benchi la mlangoni, na mlango wenyewe ulikuwa haufungi vizuri, na miguu yake ilikuwa mitupu na imelowa.

"Alimpiga?" nikauliza.

"Hakumgusa. Hakumkaripia hata siku moja. Ungemsikia ungesema ni mtu mwema anayesikitika." Akanyoosha vidole kwenye hita. "Na yale makombo aliyapokea, mwanangu. Hakumrudishia. Aliyatupa motoni, yakawaka kama mengine."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini.

Aliendelea. Yeye mwenyewe hakuwahi kubeba tofali, alikuwa mtoto wa mwalimu, kiti chake kilikuwa mbele kabisa. Udongo uliobaki jioni ulihamia nyumbani kwao, ndiyo ilikuwa stahili ya mwalimu. Kwa hiyo usiku alikula viazi vyake mbele ya moto ule ule. Msichana akaanza kukohoa, na baba yake, ambaye alikuwa akikohoa kwa ajili ya makosa ya watu, alikuwa akisubiri kikohozi kile kiishe ndipo aendelee na somo. Kisha benchi likawa tupu. Kisha kengele ya kanisa.

Hadithi ya kilima ilianza wiki ile ile ya maziko, alisema. Majirani waliianza, na hakuna aliyekusudia ubaya. Wote walikuwa wamepeleka matofali yao, wote walijua watoto wao wamekaa wapi. Hata mjane akaikubali. Alikuwa akiisimulia mwenyewe, mlangoni kwake, kwa yeyote aliyepita, kwamba mwanawe amechukuliwa na yuko huko ndani ya kilima anacheza ngoma.

"Ungefanyaje?" akaniuliza. "Ungesema mwanangu alikufa kwa kukosa udongo?"

Nikamwuliza jina la yule msichana. Akafungua kinywa kulitaja. Akakifunga. Akafungua tena. Niliona hofu ikimwingia usoni, hofu ya kweli, kama mtu aliyeingia chumba cha mtoto na kukuta kitanda kitupu.

"Nilikuwa nalo," akasema.

Tangu siku ile hakutaka kingine. Bwana alipopiga tena, mama mwalimu akaanza kwa kumwuliza jina. Bwana hakulijua. Akasema katika hadithi haliko, anaitwa msichana aliyechukuliwa, basi, na vitabu vya kanisa vya miaka ile viliharibiwa na maji. Mama mwalimu akamweleza yote aliyonieleza mimi, kwa Kiingereza, akisimama kila mara kutafuta pumzi, na kuongeza kwamba baba yake hakuwa mkatili. Alitaka jambo moja. Siku ya jiwe, mbele ya watu, isemwe kwamba yule mtoto hakuchukuliwa na yeyote. Alikufa kwa baridi kwenye benchi la shule ile.

Bwana alimsikiliza hadi mwisho, siwezi kumnyima hilo. Kisha akasema, "Shangazi, umechoka." Akaniomba nisogeze simu pembeni. Huko pembeni aliniambia nimpe chai, nisimwache ahangaike, wazee wakifika hapo huchanganya mambo. Jiwe limeshachongwa. Kamati ina watu wa kila aina. Je, nisingeweza kumrekodi siku ambayo ana furaha, aseme tu ile ya askofu?

Nilimwambia nitaona. Nilikata simu kwa hasira. Nilirudi nikamkuta ameketi wima.

"Amesema nimechoka," akasema. "Umesikia? Baba yangu angesema hivyo hivyo. Kwa sauti hiyo hiyo."

"Eish, mama mwalimu, achana naye," nikasema. "Watu wa kwetu pia njo vile. Ukisema ukweli juu ya muzee aliyekufa, wanasema malaria imekupanda kichwani."

Hakucheka. Akaniambia niwashe kinasa sauti kwenye simu yangu. Wanataka sauti yangu, akasema, basi wataipata. Nikawasha. Nilitegemea Kiingereza. Akaanza kwa Kiswahili, nikamkatiza nikamkumbusha kwamba huko kwao hakuna atakayeelewa.

"Najua," akasema. "Lakini sikiliza. Kiairishi cha nyumbani alinifundisha baba. Kiingereza alinifundisha baba, kwa fimbo. Nikianza kulisema jambo hili kwa chochote kati ya hivyo viwili, katikati ya sentensi nasikia nimeanza kumtetea. Umenisikia leo. Nilisema hakuwa mkatili. Kwa nini nilisema hivyo?" Akavuta pumzi. "Kiswahili hakukijua. Mtumie huyo, atatafuta wa kumfasiria. Dunia imejaa Waswahili."

Basi akasema. Ilikuwa fupi na imenyooka, kama alivyokuwa akisema kila kitu. Alimtaja baba yake kwa jina lake na cheo chake. Akaeleza tofali zima na makombo. Akaeleza mlango ambao haukufunga. Akasema: mtoto huyu alikuwa na jina na mimi nimelipoteza, na ninyi mnaonisikiliza, wazee wenu walikuwa karibu na moto. Alipomaliza akaniambia nisitume mpaka aseme.

Hakusema. Baridi ya huku juu haina mvua wala theluji ya kukuonya, inakuja kavu, na mapafu yake hayakuiweza. Daktari wa zahanati alikuja, akaacha dawa na maneno ya taratibu. Siku zake za mwisho alikuwa akijaribu majina. Nilikuwa namlisha uji, naye ananitazama na kutaja jina la kike la kwao, moja, analisikiliza, anatikisa kichwa, anataja jingine. Alikuwa kama mtu aliyeshika fungu la funguo mbele ya mlango wake mwenyewe. Mimi nilijaribu kumsaidia. Nilimtajia majina ya watakatifu wote niliowajua tangu katekisimu. Lilipopita moja lenye mlio wa karibu alikunja uso, akangoja, kisha akasema hapana. Alifariki asubuhi, jua likiwa limeingia hadi kwenye blanketi, na neno lake la mwisho lilikuwa jina ambalo pia halikuwa lenyewe. Nilijua kwa sababu alitikisa kichwa.

Nililia kuliko nilivyotegemea. Kanisani tulikuwa wachache, majirani, yule dada wa kufua, na mimi na binti yangu. Mtoto wa kaka yake alifuatilia kwa simu niliyoisimamisha juu ya kitabu cha nyimbo. Padri alisema alikuwa binti wa mwalimu mashuhuri.

Baada ya maziko bwana aliandika kuuliza kama nilifanikiwa kupata sauti ya shangazi yake. Nilikaa na swali hilo. Mama mwalimu hakuwa ameniambia tuma. Lakini alikuwa amesema mtumie huyo, na mimi nilimjua, asingepoteza pumzi zile kwa ajili ya simu yangu. Nikatuma. Chini yake nikaandika kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, yote aliyoyasema, ili asije akasema hakujua. Nilitumia jioni nzima. Sehemu ya wazee waliokuwa karibu na moto niliiangalia mara mbili nisije nikaipunguza makali.

Jibu lake lilikuwa la adabu. Alinishukuru kwa yote niliyomfanyia shangazi. Alisema inaumiza kuona akili ilivyomtoka mwishoni. Kuhusu rekodi, kamati imeisikiliza na imeguswa sana na jinsi alivyoipenda Afrika mpaka mwisho. Wataicheza yote siku ya jiwe, kwa Kiswahili kama ilivyo, bila tafsiri, ili watu wapate tu kusikia sauti yake.

Nilisoma mara kadhaa nikitafuta mahali pa kumtukana. Hapakuwa na mahali. Kila neno lilikuwa limepigwa pasi.

Video ya siku yenyewe ilinifikia Jumapili mchana. Tulikuwa chumbani kwetu La Rochelle, mimi nimekaa kitandani, binti yangu sakafuni anasuka nywele za mwanasesere. Nikaifungua. Palikuwa na mvua, kama alivyosema mama mwalimu, na miavuli mingi, na ukuta wa mawe usio na paa. Jiwe jipya liling'aa, jina la mwalimu limechongwa kwa herufi za dhahabu. Watoto wa shule ya sasa wamepangwa mstari na kila mmoja amebeba tofali la udongo, kwa ukumbusho. Wanalipeleka mbele, wanaliweka chini ya jiwe, wanapigiwa makofi. Bwana akasimama akasimulia ya dume la ng'ombe. Watu wakacheka. Kisha akasema, na sasa tumsikie binti yake, kutoka Johannesburg.

Sauti yake ikatoka kwenye spika, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. Ikataja jina la baba yake, na waliposikia jina hilo nyuso zikatabasamu. Ikaendelea. Makombo. Aproni. Mlango ambao haukufunga. Mwanamke mmoja mbele alifumba macho kama anayesikiliza wimbo. Mzee mwenye kofia alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali. Mtoto huyu alikuwa na jina na mimi nimelipoteza, sauti ikasema juu ya miavuli yote, na wazee wenu walikuwa karibu na moto. Ilipokoma, watu wote wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo kabisa, na wengine wakafuta machozi, na bwana akainua mkono juu kuelekea mawinguni.

Nilizima. Nikawaza kwamba angalau alizungumza, kisha nikajiambia niache kujidanganya. Alitaka asikike, na hakusikika. Katika umati ule hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumsikia.

Binti yangu alikuwa ameacha kusuka. Sikujua ameacha tangu lini.

"Jina lake nani?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili. Ilinichukua muda kutambua, maana ni lugha ninayomsemesha kila siku na hairudi.

"La nani?"

"Huyo mtoto. Wa kwa mulango."

Nikamwambia hakuna anayelijua. Hata bibi alilisahau, alilitafuta hadi akafa. Akamgeuza yule mwanasesere mikononi mwake, akamlaza chini.

"Mama," akasema, akitafuta maneno moja moja, "kwa darasa yetu kunaye mmoja hivyo. Hakuleta zile karatasi. Ticha akigawa karatasi zenye amechapa, anamupita. Hamugombeze. Anamupita tu, na mutoto anakopi kwa ubao."

"Tangu lini?"

"Tangu shule ifunguliwe. Ni wa Burundi. Anakaa nyuma."

"Na wewe, zako unapewa?"

Akaniangalia. Pakiti yake nilikuwa nimeipeleka mwenyewe siku ya kwanza kabisa, nimeibeba kwapani, nikajisikia mzazi wa maana.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ninapewa."

Nikamwuliza jina la huyo mtoto. Akanitajia la kwake, kisha la baba yake. Nikamwambia alitaje tena.